Mgeni Mjini Asione Haya

Mwezi huu tuzungumze juu ya kula nje tunapokuwa wageni mjini. Wengi wetu hufika Mwanza kwa shughuli: huyu ametoka Nansio kwa meli, yule amemleta mgonjwa Bugando, mwingine amekuja kununua dagaa Mwaloni, Kirumba. Saa saba ya mchana watoto wanalia njaa, na jiko la nyumbani liko mbali.

Chakula Mwanza hakikosekani. Mama lishe wana sato, sangara, ugali wa udaga, wali na maharage. Tatizo siyo kupata, ni kuchagua.

Tunakumbuka safari moja tuliyokwenda na akina mama wenzetu wa kanisani. Tuliingia kwenye kibanda fulani, tukaletewa samaki waliokaangwa asubuhi, wamekwisha poa. Mwenzetu mmoja alitaka kuomba wapashwe moto. Nasi, tulio na mafunzo ya uuguzi, ndio tuliomkonyeza anyamaze, tusije tukaonekana wenye maringo. Usiku mtoto wake wa miaka miwili aliharisha na kutapika. Alfajiri macho yalikuwa yameingia ndani. Tunamshukuru Mungu, alipona. Lakini ule ukimya wetu hatujausahau.

Basi tangu siku hiyo tunafanya hivi. Tunanawa kwa sabuni na maji ya kumiminiwa, siyo beseni moja kwa watu wote. Tunaomba chakula kinachotoka motoni, chenye mvuke. Kachumbari na juisi yenye barafu tunaziacha, maana hatujui maji yake. Badala yake tunakunywa chai ya moto, au maji tuliyochemsha nyumbani. Ndizi na chungwa tunamenya wenyewe. Mtoto aliye chini ya miezi sita hahitaji kingine ila ziwa la mama, hata safarini.

Mtoto akiharisha, changanya paketi moja ya ORS katika maji salama kiasi kilichoandikwa kwenye paketi; nyingi ni za lita 1. Mpe kidogo kidogo, mara kwa mara, na usimwachishe kunyonya wala kula. Kituo cha afya kitampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani, akitoa damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali, ukimnywesha njiani kama anaweza.

Kuuliza si ujinga, na kuomba chakula kipashwe moto si kumdharau aliyekipika. Mama lishe naye ni mzazi. Ukimwambia kwa upole, "Mama, naomba unipashie, nina mtoto," atakuelewa. Na asipoelewa, kibanda cha pili hakiko mbali.

Safari njema, na tuonane mwezi ujao.