Kijiji Kilichofutwa Mwishoni mwa Sinema

Tuanze na ugomvi wenyewe, maana ni wa siku nyingi na bado haujachoka. The Return of the King, sinema ya tatu na ya mwisho ya The Lord of the Rings, ilitoka Desemba 2003. Mwaka uliofuata ikazoa Oscar 11, kila tuzo iliyokuwa ikiwania, haikukosa hata moja. Zaidi ya miaka 20 imepita. Lakini waweke pamoja vijana wanne wa hapa Rhotia, wote wameiona sinema na wawili kati yao wamesoma kitabu, halafu uliza kama mwisho wa sinema ni mwisho wa kitabu. Giza halijaingia watakuwa wameshanuniana. Huyu anasema Peter Jackson kamsaliti Tolkien. Yule anasema kitabu ni kitabu na muvi ni muvi, acheni ushamba.

Mimi nasema wote wanabishania makombo. Eti upanga wa Aragorn kwenye kitabu ulifuliwa upya kabla hawajaanza safari, kwenye sinema unaletwa mwishoni. Eti Gollum aliteleza mwenyewe au alisukumwa. Eti kwa nini tai hawakutumwa tangu siku ya kwanza (hili la tai, jamani, tulipumzishe). Usaliti upo, tena mkubwa, ila hauko huko. Sinema imekiondoa kijiji kwenye mwisho wa hadithi, na karibu wote tukapiga makofi.

Kwa ambaye hajasoma: kitabu kilichapwa mwaka 1955, na sehemu yake ya mwisho ina sura 9. Pete inaangamia kwenye sura ya 3. Hesabu mwenyewe. Zimebaki sura 6, na mtu aliyezoea kwamba stelingi akishamuua adui mkuu taa zinawashwa anaweza kuona mwandishi kajisahau. Halafu unafika sura ya 8. Mahobiti wanne, wale watu wafupi walioacha mashamba yao kwenda kuiokoa dunia, wanarudi kwao Shire. Wanafika usiku, wanakuta darajani kuna geti limefungwa. Kijiji chao! Ndani kuna mbao za amri ukutani, hili marufuku, lile marufuku. Vilabu vya pombe vimefungwa. Mavuno yanakusanywa na watu wanaosema yatagawiwa kwa wote, yakienda hayarudi. Miti imekatwa, tena mingine imeachwa inaoza pale pale ilipoangukia. Mtaa alikozaliwa Sam umegeuzwa shimo la kuchimba mchanga na kokoto. Kinu cha zamani kimebomolewa, kikajengwa kikubwa chenye magurudumu mengi, na sasa kinamwaga uchafu mtoni. Kijana wa mwenye kinu anasafisha mashine za wageni mahali ambapo baba yake alikuwa bosi wa nafsi yake.

Nani kafanya haya? Jibu ndilo linalonikosesha usingizi. Aliyeanza hakuwa jeshi kutoka mbali. Alikuwa Lotho, mtoto wa hapo hapo, ndugu wa ukoo, aliyekuwa na pesa akanunua mashamba, vinu na vilabu kimoja kimoja, akaleta wababe wamlindie mali. Saruman alikuja baadaye, akakuta mlango uko wazi.

Na nani anawafukuza? Hapo hakuna mfalme wala mchawi mwema. Gandalf ameshawaacha njiani, makusudi. Merry anapuliza pembe, mlango mmoja unafunguka, mwingine unafunguka, wakulima wanatoka na mashoka na majembe. Wanapigana. Mahobiti 19 wanakufa, wapata 30 wanajeruhiwa, na wababe karibu 70 wanalala. Frodo, aliyeibeba Pete hadi mwisho, hauchomoi upanga siku hiyo. Kazi yake ni kuwazuia wenzake wasiwaue waliokwisha kusalimu amri. Hiyo ndiyo vita ya mwisho ya kitabu kizima, na inapiganwa na wanakijiji kijijini kwao.

Sasa tazama sinema. Mahobiti wanarudi, Shire iko kama walivyoiacha, kijani mpaka macho yanauma. Mzee mmoja anawakazia macho. Wanakaa kilabuni, mtu anapita na boga kubwa, watu wanalishangaa boga. Wanne wale wanatazamana kimya, wanagonganisha vikombe. Sam anakwenda kumposa Rosie. Basi. Saruman kwenye toleo lililoonyeshwa majumba ya sinema haonekani kabisa, na Christopher Lee aliyemwigiza alikasirika hadi akasusia uzinduzi. Kwenye toleo refu anauawa huko huko kwenye mnara wake, mbali na Shire. Kitabuni anachinjwa mlangoni kwa Frodo.

Najua utetezi, nimeusikia mara nyingi. Wa kwanza ni muda. Sinema tayari ina dakika 201, na watu wanalalamika inaisha mara tano. Sawa, lakini muda ulipatikana kwa mengine. Ulipatikana kwa jeshi la mizimu ya kijani linalomwagika mjini Minas Tirith na kufagia kila kitu dakika mbili tatu. Kitabuni mizimu hiyo haifiki huko. Inawatisha maharamia bandarini kusini, inaachiwa iende ikapumzike. Wanaoshuka kwenye merikebu kuja kuuokoa mji ni watu wenye miili, wametoka wilaya za pembeni za ufalme ule ule, wameacha nyumba zao. Sinema iliwatoa watu ikaweka mizimu. Unaanza kuona mtindo?

Na si Jackson peke yake. Chukua mwisho wa Harry Potter, sinema ya Julai 2011, kitabu cha 2007. Kitabuni Voldemort anakufa kwenye ukumbi mkuu wa shule, mbele ya walimu, wanafunzi na wazazi, na anaacha maiti, mtu wa kawaida aliyekufa sakafuni. Kila mtu kaona. Kesho hakuna atakayesema bado yuko hai. Kwenye sinema wanapigana wawili tu uani, halafu jamaa anapukutika kama majivu ya gazeti, hakuna shahidi hata mmoja. Watu walibishana miaka juu ya fimbo, kwamba kitabuni Harry anaitumia kutengeneza fimbo yake ya zamani kwanza, na sinema inaivunja na kuitupa. Fimbo! Wakati ukumbi mzima wa mashahidi umefutwa.

Utetezi wa pili una nguvu zaidi, nitauheshimu. Wanasema ile kimya ya kilabuni ni nzuri kuliko vita nyingine. Tolkien alipigana Somme mwaka 1916, akapoteza marafiki. Askari anarudi nyumbani, nyumbani wanajadili boga, na hana pa kuanzia kuwasimulia. Ni kweli, picha ile inauma. Kama umewahi kukaa na mzee aliyerudi kutoka Vita vya Kagera, unaijua kimya hiyo.

Lakini angalia picha hiyo inasema nini kuhusu kijiji. Inasema vita hupita mbali, na walioko nyumbani hawaguswi, wanabaki wajinga wenye furaha na maboga yao. Hapo ndipo nakataa. Mwulize mkulima wa Karatu kuhusu mbaazi. Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini kwake, na bei huku ikaanguka vibaya, mtu akabaki na magunia yake ndani. Uamuzi ulifanyika New Delhi, mkulima hakuulizwa, hakupiga kura, pengine hakusikia mpaka mnunuzi alipoacha kuja. Rudi nyuma zaidi. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi kwenye vijiji ni amri, na hadi mwisho wa 1976 mamilioni walikuwa wamehamishwa. Wazee wetu waliohama kutoka nyanda za Mbulu kuja kulima Karatu wanazo habari nyingi za kugeuziwa ardhi, na si zote zina mzungu ndani yake. Msomaji wa Rhotia akifika kwenye wale wakusanyaji mavuno wa sura ya 8 hahitaji maelezo ya chini. Anacheka kidogo, halafu anaacha kucheka.

Tolkien mwenyewe, katika dibaji ya toleo la pili, aliwakatalia waliosema sura hiyo ni fumbo la Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Alisema mizizi yake iko nyuma zaidi, kwenye mashambani alikokulia, palipoanza kuharibiwa hata hajafika miaka kumi. Kinu kile alikuwa amekiona. Kwa hiyo sura hii si kiraka kilichoshonwa mwishoni. Hata sinema ya kwanza ilijua hivyo: Frodo anapotazama kwenye kioo cha Galadriel anaiona Shire inaungua na watu wake wako minyororoni. Sinema ikatuonyesha deni, halafu ikakataa kulilipa.

Na hapa niseme jambo ambalo kwetu tulio kando ya barabara hii ya lami, kati ya Mto wa Mbu na geti la Ngorongoro, linatuhusu kuliko wengine. Shire ya sinema ilijengwa kwenye shamba la kondoo karibu na Matamata, New Zealand. Baadaye ikajengwa upya kwa vifaa vya kudumu, na leo ni kivutio cha utalii. Watu wanalipa kiingilio, wanapiga picha kwenye vijilango vya duara, wanakunywa kilabuni. Kijiji kisicho na mwanakijiji hata mmoja. Tunakijua kijiji hicho. Ndicho kinachotafutwa na macho yanayopita hapa kwenye Land Cruiser: udongo mwekundu, mama na kuni zake, mtoto anayepunga mkono, kila kitu kama kilivyokuwa. Korongo linalokula shamba halipigwi picha, wala ofisi ya kijiji yenye watu wanaogombana juu ya mpaka. Simlaumu mtalii, ana siku tatu tu. Namlaumu mtengeneza sinema aliyekuwa na kitabu mkononi, kitabu kinachosema kijiji huumia, hugawanyika, hupigana, hufa watu 19, na majina yao hukaririwa na wanahistoria wa Shire, akachagua kadi ya posta.

Nisije nikaeleweka vibaya. Mimi si mtu wa fotokopi. Anayetaka sinema ifuate kitabu mstari kwa mstari hajakaa kibanda umiza akamsikiliza DJ anaisimulia kwa Kiswahili. Tangu enzi za kina marehemu Lufufu wa Dar es Salaam, na jirani zetu wana DJ Afro wao, tumeona msimuliaji anampa adui jina la mtaani, anaongeza utani, anamkaripia stelingi kwa uzembe wake, na hadithi inanona. Amil Shivji alipoifanya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu mwaka 2021 alipunguza mengi, lazima, riwaya ile haienei kwenye filamu isiyofika saa mbili. Lakini Mwajuma na taarabu yake wapo. Watu ambao Yasmin anakimbilia kwao wapo. Punguza unavyotaka, ila usiwatoe watu ambao hadithi inapiganwa kwa ajili yao.

Kuna mtu mmoja kwenye sura hiyo ambaye sinema haikumpa nafasi, na mimi namlilia kuliko Saruman na mnara wake. Lobelia. Kitabu kizima tunamcheka, bibi mchoyo, mdokozi wa vijiko, mama yake Lotho. Wababe wanapoanza kujenga mabanda yao anawatokea njiani na mwavuli. Wanamfunga. Anatoka kifungoni mzee, amekonda, anaegemea mkono wa Frodo, mwavuli ule ule bado kaung'ang'ania, na watu wanampigia makofi hadi analia, maana maisha yake yote hakuwahi kupendwa. Kisha anasikia mwanawe ameuawa. Anarudi kwa ndugu zake, na akifa anaacha fedha zake zisaidie mahobiti waliokosa nyumba. Hakuna sinema ya Oscar 11 yenye kitu kama hicho. Kila kijiji kina Lobelia wake, na wengi wetu bado tuko kwenye sehemu ya kumcheka.

Kwa hiyo nina ombi kwa DJ yeyote atakayeisimulia tena muvi hii kibandani. Wakifika kilabuni, mtu wa boga akishapita, bonyeza ituli. Wasimulie. Anzia darajani, usiku, geti limefungwa, na mbao za amri ukutani. Watu wameshakaa saa tatu na dakika 21, kumi zaidi hazitamwondoa mtu kwenye benchi.