Je, ni dhambi kufurahia habari za nchi za mbali?



Dominika moja, baada ya Misa, wazee wa parokia yetu walikusanyika kufanya shauri juu ya chumba cha vitabu. Fedha ilikuwa kidogo, na vitabu vya kununua ni vingi. Mzee mmoja, mkristu mwema ambaye sitamtaja jina, akasimama akasema: "Tununue vitabu vya sala na vya masomo, basi. Hizo hadithi za Ulaya na za visiwani zitatufaa nini? Mtoto anasoma habari za theluji, na hapa kwetu hakuna theluji. Anacheka peke yake, na kuni hazijapasuliwa." Wengi walipiga makofi. Mimi sikupiga. Leo nataka kueleza sababu, bila kupunguza heshima yangu kwa mzee huyo.

Nianze na kuni. Mtoto akikimbia kazi, aonywe kwa ajili ya kazi. Hata mwenye kukesha katika ngoma huamka kuni hazijapasuliwa, wala hatujasema tuchome ngoma zote.

Tena juu ya theluji, mzee wetu amekosea. Mlima Ruwenzori, ulio mpakani mwa Kongo na Uganda, wenye urefu wa mita 5109, unayo theluji na barafu kileleni, ingawa barafu hiyo inazidi kupungua. Basi theluji ipo hata katika nchi yetu. Mtoto aliyeisoma kitabuni ndiye aliyetaka kujua. Sisi wakubwa tulikuwa tumekwisha kukata neno kwamba haipo.

Lakini neno zito ni lile la "zitatufaa nini?" Ndugu zangu, fungueni Injili. Je, habari zake zilitukia Kivu au Katanga? Tangu utoto wetu twasikia mambo ya mizabibu, ya mitini, ya wachungaji katika nchi kavu, na hakuna aliyesema hayatufai. Nilipokuwa mtoto nilidhani Bahari ya Galilaya ni kubwa kupita Ziwa Tanganika. Baadaye nilisoma kitabu cha safari za Nchi Takatifu, nikaona kwamba urefu wake ni kilometa 21 tu, na Tanganika yetu ina kilometa kama 670! Nilicheka peke yangu, kama mtoto yule wa kuni. Kisha nikafahamu jambo ambalo sikulifahamu kamwe: kwa nini makutano waliweza kuona mashua ya Yezu ikiondoka, wakakimbia kwa miguu kandokando ya maji, wakafika mbele yake. Katika Tanganika wasingaliweza.

Vilevile njia ya Msamaria mwema. Kutoka Yeruzalemu hadi Yeriko njia inashuka zaidi ya mita 1000, katikati ya mawe na makorongo. Mtu aliyeshuka mteremko wa Ngomo, kutoka Nyangezi kwenda Kamanyola, akiona bonde la Ruzizi chini kabisa na moyo ukimdunda, huyo hahitaji maelezo marefu. Atajua mara moja kwa nini wanyang'anyi walichagua mahali pale, na kwa nini kuhani hakutaka kusimama. Hiyo ndiyo furaha ninayoitetea. Mahali pageni panakuja kushikana mikono na mahali petu, na vyote viwili vinang'aa zaidi.

Mpinzani wangu anayo hoja moja yenye nguvu, wala sitaificha. Mtakatifu Teresa wa Avila alipokuwa msichana alipenda mno hadithi za mashujaa wapanda farasi, pamoja na mama yake, na baadaye aliungama kwamba zilipoza bidii yake. Ni kweli. Kuna vitabu vinavyoharibu, na dhamiri lazima ikeshe. Kanisa liliondoa sheria ya orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1966, lakini halikuondoa dhamiri. Lakini tumsikilize Teresa mpaka mwisho. Vitabu vingi vya Kihispania vilipokatazwa mwaka 1559 alisikitika sana, kwa sababu vingine vilimfurahisha. Alichojuta ni kusoma vibaya. Kusoma kwenyewe hakukuacha.

Tena yuko Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Mwaka 1521 alivunjwa mguu vitani, akalala kitandani, akaomba hadithi za mashujaa apitishe wakati. Nyumbani hazikuwapo. Akapewa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu, habari za nchi ambazo hajazikanyaga. Akasoma, akawaza, akafurahi, na furaha ile haikumwacha. Mwaka 1523 alifika Yeruzalemu yeye mwenyewe. Angalieni: mtu aliyezoea kusafiri moyoni kwa kitabu ndiye aliyekuwa tayari kusafiri kweli Mungu alipomwita.

Sasa niwageukie vijana, kwa maana nao wanalo kosa lao. Wengi husema: "Ulaya ni paradizo." Wameiona katika picha, nyumba ndefu na motokaa. Hawajaisoma. Kijana kama huyo angesoma kitabu cha Victor Hugo kilichotoka mwaka 1862, Les Misérables, angemkuta Mfaransa aliyeiba mkate kwa ajili ya watoto wa dada yake wenye njaa, akakaa kifungoni miaka 19. Angelia pamoja naye, na baada ya machozi asingeweza tena kumwona mzungu kama malaika, wala kama shetani. Ni mtu. Somo hilo lingewapunguzia wengi kiu ya kuvuka bahari na jangwa kwa kufuata ndoto.

Mwalimu mmoja kijana aliniambia: "Vitabu hivyo vinatutukana sisi Waafrika." Vingine ndiyo, sikatai. Jules Verne alirusha puto lake juu ya Afrika yote, kutoka Unguja hadi mto Senegal, katika kitabu cha mwaka 1863, na yeye mwenyewe hakuwa amepita katika nchi hizo. Wapo wenyeji wetu katika kitabu chake ambao nisingekubali wawe jirani zangu! Lakini dawa ni kusoma kwa akili, na kuandika sisi wenyewe. Paul Lomami Tchibamba alifanya hivyo: hadithi yake Ngando, ya mamba na mtoto wa Kinshasa, ilipata tuzo huko Bruxelles mwaka 1948. Kwa mtu wa Kalemie au wa Bukavu, mto ule mkubwa nao ni nchi ya mbali. Ni wangapi kati yetu wamemsoma ndugu yetu huyo?

Tunajiita Wakatoliki, na maana ya neno hilo ni watu wa Kanisa lililo la ulimwengu wote. Twasali kila Misa kwa ajili ya watu tusiowajua. Nitampendaje mvuvi wa kisiwa cha baridi, au mjane wa mji wa viwanda, kama sijakaa naye hata jioni moja? Nauli ya kwenda kwake sina. Kitabu ninacho.

Basi hili ndilo ombi langu kwa wazee, maana shauri halijakatwa: kwa kila vitabu viwili vya sala au vya masomo, tununue kimoja cha hadithi ya nchi za mbali, Padri akiisha kukichagua. Na wewe mzee wangu uliyesema habari za kuni, nitakuja kwako jioni moja. Kuni nitapasua mimi. Mjukuu wako atatusomea.