Jicho la ng'ombe halitiwi chumvi

Kiangazi kilichopita ng'ombe wangu wa maziwa aliamka jicho moja limefumba, machozi yanachuruzika hadi shavuni, nzi wamemjaa. Jirani akanishauri nimpulizie chumvi, kama wazee wetu. Duka la dawa za mifugo nalo likaniuzia matone yenye steroidi.

Bahati nzuri nilimwita daktari wa mifugo kwanza. Alidondosha rangi maalumu jichoni, na palipokuwa na kidonda kwenye konea pakang'aa kijani. Matone yale akayakataza kabisa: steroidi juu ya kidonda hudhoofisha kinga, jicho laweza kupasuka. Akamchoma sindano ya oksitetrasaiklini. Alinieleza kwamba ugonjwa huu huletwa na bakteria, Moraxella bovis, nzi huusambaza, na vumbi na jua kali huuchochea.

Maziwa tuliyamwaga mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa zilipoisha. Iliuma, lakini jicho lilipona.

Wafugaji wenzangu, mtengeni mgonjwa kivulini, pigeni vita nzi, na msitie chochote jichoni kabla halijapimwa.