Wanaopita Uyole wapewe viza, wasiachiwe malori

Anayetoka Iringa akifika Uyole ana njia mbili za kwenda kusini: anyooshe kupitia Mbeya mjini na Vwawa hadi Tunduma aingie Zambia, au akate kushoto apite Tukuyu na Kyela hadi Kasumulu aingie Malawi. Mtanzania mwenye pasipoti hai haombi viza kwa njia yoyote kati ya hizo, na akipenda atavuka Zimbabwe hadi Johannesburg, ambako anaruhusiwa kukaa mpaka siku 90. Mwethiopia anayeshika barabara hiyohiyo yuko katika hali nyingine kabisa. Kenya anaingia bila viza, kwa makubaliano ya miaka mingi ya nchi hizo mbili. Kuanzia Tanzania anadaiwa kibali ambacho kijana aliyetoka vijiji vya Hadiya, kusini mwa Ethiopia, hajui hata pa kuanzia kukitafuta. Dalali anajua, na anachouza ni nafasi ndani ya lori lililofunikwa turubai.

Mwisho wa safari hizo si siri. Juni 2012, mkoani Dodoma, ilipatikana miili ya zaidi ya wahamiaji 40 waliokosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, watu 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena huko Tete, Msumbiji. Lori lilikuwa limetokea Malawi. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi lenye miili 25 Mzimba, kaskazini mwa Malawi, mahali ambapo aliyevuka Kasumulu asubuhi anafika siku hiyohiyo. Hii ni barabara yetu, na wengi wa marehemu hao walikuwa vijana. Ninachopendekeza ni viza ya kupita njia kwa wasafiri wa nchi kavu: iombwe mtandaoni au itolewe Namanga, iwe na siku zinazojulikana, msafiri apande basi la abiria kama watu wengine, na kutoka kwake kuhakikiwe Tunduma au Kasumulu. Ada ambayo leo inaishia mfukoni mwa dalali iingie serikalini.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kuwaalika. Lakini wanakuja tayari. Miaka nenda rudi wanakamatwa Mbeya na Iringa, wanafungwa, wanarudishwa kwao, na malori hayajakoma. Hata kwa kigezo cha usalama, mtu aliyeacha jina, picha na alama za vidole mpakani ni nafuu kuliko yule aliyefichwa nyuma ya magunia. Hoja nzito zaidi ni kwamba hakuna nchi inayompitisha mtu ambaye jirani hatampokea: Zambia na Malawi zikikataa, tutabaki nao Tunduma. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu Tanzania haiwezi kulifanya jambo hili peke yake. Itifaki ya SADC ya mwaka 2005 kuhusu watu kuvuka mipaka haiwasaidii, maana Ethiopia si mwanachama. Itifaki ya Umoja wa Afrika, iliyopitishwa Addis Ababa Januari 2018, ingewasaidia, ila inahitaji nchi 15 ziiridhie na hadi leo zilizoridhia ni chache mno, Rwanda ikiwa mojawapo. Yanayobaki ni makubaliano ya nchi zilizo kwenye njia yenyewe. Afrika Kusini nayo haianzi kutoka sifuri, kwani sheria yake ya uhamiaji inaruhusu anayeomba hifadhi kupewa mpakani kibali cha muda mfupi cha kuingia.

Wabunge wa Mbeya na Songwe ndio wa kuanza kulisemea hili bungeni. Waiulize Wizara ya Mambo ya Ndani kwa nini kituo cha pamoja cha Tunduma, ambako maofisa wetu na wa Zambia wanafanya kazi chini ya paa moja, kisiwe mahali pa kwanza pa kujaribia viza hiyo.