Miaka 15 Inatosha, Zamu ya Shamsia

Hakii! Vijana wa Mtwara Vijijini, Jumatano tarehe 28 Oktoba 2020 tunaamua.

Wapo wanaosema Mama Hawa Ghasia hang'oki. Tusidanganyane. Mwaka 2015 pale Mtwara Mjini, Hasnain Murji wa CCM alikuwa kitini, na Maftaha Nachuma wa CUF akamwangusha. Inawezekana.

Mama hatumtukani. Ni mbunge tangu 2005, kawa waziri wa Utumishi, kawa waziri wa TAMISEMI. Mwaka 2018, Serikali ilipotaka ushuru wote wa korosho ghafi ziendazo nje uingie Hazina, yeye ndiye alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bajeti, na alipinga. Hilo tunampa. Lakini ikawaje? Wabunge wa chama chake wakasema ndiyo, sheria ikapita. Msimu huohuo jeshi likaja kubeba korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, halafu uhakiki, halafu wazee wakakaa miezi wakisubiri hela zao.

Sasa jiulize: kama mtu mzito kiasi hicho kagonga mwamba ndani ya CCM, ukimrudisha atafanya nini kipya? Tatizo siyo Mama, tatizo ni kamba aliyofungwa nayo. Dada Shamsia Mtamba hana kamba hiyo.

Na yeye tunampa kazi mapema. Kiwanda cha gesi kipo Madimba, bomba linapeleka gesi Dar es Salaam tangu 2015. Tunataka ushuru wa huduma unaoingia halmashauri kutokana na gesi usomwe kwenye mikutano ya vijiji, shilingi kwa shilingi: umeingia kiasi gani, umejenga nini. Akikaa kimya, tutamuuliza sisi wenyewe.

Najua wengi mlikata tamaa baada ya serikali za mitaa mwaka jana, wagombea wetu walivyoenguliwa. Ukibaki nyumbani, umewasaidia waliowaengua. Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi. Piga kura, mpeleke na bibi yako. Wakala, usitoke kituoni bila nakala ya fomu 21B mkononi.

Na atakayekuja usiku na kanga na buku tano, mjue huyo ni kangomba: ananunua kwa bei ya kutupa kitu utakachokilia miaka mitano.

Haki Sawa kwa Wote!