Mtoto Aliyeumia Kichwa Arudishwe Zahanati

Watoto wetu hupanda miembe. Hupakiwa kwenye baiskeli na pikipiki. Hucheza mpira. Wakati mwingine huanguka na kugonga kichwa.

Mtoto akizimia au akichanganyikiwa, wazazi humkimbiza zahanati. Hilo ni jambo jema. Mganga humpima, kisha huwaambia siku ya kumrudisha. Lakini wazazi wengi hawarudi. Husema, "Mtoto anakula na anacheka. Amepona. Kwa nini nipoteze siku ya kulima?"

Mimi nasema safari ya pili ni sehemu ya matibabu. Tusiiache.

Ubongo ni laini. Umo ndani ya fupa la kichwa. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, ubongo hutikisika. Huu huitwa mtikisiko wa ubongo. Hata picha ya eksirei haiuonyeshi. Mtu aliyevunjika mguu huchechemea, na kila mtu humwonea huruma. Mtoto aliyetikisika ubongo haonekani kuwa na jeraha.

Lakini huenda kichwa kinamwuma. Huona kizunguzungu. Husahau upesi. Hukasirika ovyo. Shuleni hashiki masomo. Mwalimu husema ni mvivu. Mzazi husema ni mkaidi. Mtoto huchapwa, kumbe ni mgonjwa! Jambo hili si haki.

Watoto wengi hupona katika wiki 4. Wengine huchukua muda mrefu zaidi. Mganga akimpima tena, atajua kama mtoto anaendelea vizuri au apelekwe hospitali.

Siku 1 au 2 za kwanza mtoto apumzike nyumbani. Kisha aanze shughuli nyepesi, kidogo kidogo. Arudi shule kwanza. Mpira na kupanda miti baadaye, mganga akikubali. Akigongwa tena kichwa kabla hajapona, anaweza kuumia vibaya sana.

Ziko dalili ambazo hazingoji siku ya kurudi. Mpeleke mtoto mara moja, hata usiku, ukiona haya:

- anatapika tena na tena;
- maumivu ya kichwa yanazidi;
- anapata degedege;
- ni vigumu kumwamsha;
- hasemi sawasawa, au mkono au mguu umelegea;
- damu au maji yanatoka puani au masikioni.

Najua zahanati nyingine ziko mbali, na kazi ya shamba haingoji. Lakini mkulima hapandi mahindi akaacha kupalilia, kwa sababu tu yameota vizuri. Hurudi shambani kuyatazama. Je, mtoto si zaidi ya mahindi?

Tena wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Soma tarehe ambayo mganga ameiandika kwenye daftari la mtoto. Kila siku andika unayoyaona: leo kichwa kimemwuma, leo amelala vizuri. Siku ya kurudi, mwonyeshe mganga maandishi yako. Mwambie mwalimu pia, ili asimwadhibu mgonjwa.

Kusoma kwetu kuwalinde watoto wetu.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini wazazi wa kijiji chetu hawamrudishi mtoto zahanati?
2. Majirani wanaweza kumsaidiaje mzazi ili apate nafasi ya kwenda?