Wito kwa Watu wa Kondoa: Aliyeanguka Asichuliwe

Ndugu zangu wa Kondoa, wa Bereko na Kolo, wa Pahi, Haubi, Busi na Bukulu, nawaombeni tulitazame jambo tunalolifanya kwa upendo, lakini likatuachia ulemavu. Mtu akianguka na mguu ukavimba, majirani hukusanyika haraka. Mmoja anavuta kisigino, mwingine anakanda kwa maji ya moto, wa tatu anachua kwa mafuta. Wote wanataka kusaidia. Lakini kama mfupa umevunjika, kila mvuto unazisogeza ncha zake zilizo kali kama kigae, nazo hukata nyama, mishipa ya damu na neva zilizokuwa salama.

Sisi watu wa milima ya Irangi tunaishi na hatari ya kuanguka. Makorongo ambayo mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza kupambana nayo mwaka 1973 hayajaisha, na watoto wetu wanayavuka wakienda shule na machungani. Tunakwea miembe, tunatundika mizinga ya nyuki juu ya miti. Na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati izinduliwe mwaka 2018, safari zimerahisika lakini mwendo wa pikipiki umeongezeka. Kwa hiyo kila nyumba inahitaji kujua mambo machache.

Kuna majeraha ya aina tatu. Kuteguka ni pale nyuzi ngumu zinazoshikanisha mifupa kwenye kiungo zinapovutika kupita kiasi au kuchanika, kama kifundo cha mguu kikipinda shimoni. Msuli nao huweza kuvutika au kuchanika: nyuma ya paja kwa mcheza mpira, kiunoni kwa aliyenyanyua gunia la mahindi. Aina ya tatu ni mfupa wenyewe kuvunjika, ukiwa na ufa tu au ukiachana kabisa.

Yote matatu huuma na kuvimba, ndiyo maana tunakosea. Wengi husema, “Mbona vidole vinacheza? Hajavunjika huyo.” Si kweli. Vidole huweza kucheza na mfupa ukawa umevunjika. Angalia mambo mengine. Je, kiungo kimepinda au kimefupika? Alisikia mlio wa kitu kukatika? Kwa kifundo cha mguu, madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kipimo kinachotumika hadi leo: mgonjwa akishindwa kupiga hatua nne, au akiumia unapobonyeza taratibu nyuma ya fundo la mfupa, upande wa ndani au wa nje wa mguu, apigwe picha ya eksirei. Asilazimishwe kutembea ili mjue. Kwa bibi au babu aliyeanguka, ukiona mguu mmoja umefupika na vidole vimegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Na mtoto asiyetaka kabisa kutumia mkono wake asiambiwe anadeka. Mifupa ya watoto huumia karibu na sehemu inayokua, na kosa dogo hapo huweza kupindisha mkono kwa miaka yote ijayo. Ukiwa na shaka, mhesabu kuwa amevunjika.

Aliyeteguka au kuumia msuli apumzike. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungini, kwa dakika 15 hadi 20, na urudie mara kadhaa kwa siku. Funga bendeji isiyobana sana, inua mguu juu ya mito. Kwa siku mbili tatu za mwanzo usichue wala usikande kwa maji ya moto, kwa sababu joto na kusugua huzidisha damu na uvimbe. Maumivu yakipungua, aanze kukichezesha kiungo kidogo kidogo. Baada ya siku chache kama hakuna nafuu, aende hospitali.

Anayedhaniwa kuvunjika, usimnyooshe. Mfunge gango hapo hapo alipo: mbao mbili, fito au boksi gumu, weka kanga ndani kama mto, lipite kiungo cha juu na cha chini ya palipoumia. Vifungo vikae upande wa juu na wa chini wa jeraha, visipite kwenye jeraha lenyewe. Mkono ubebwe kwa kanga iliyofungwa shingoni. Vua pete na bangili mapema. Kisha tazama vidole kila baada ya muda: vikiwa vya baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, legeza mara moja. Mfupa ukitokeza nje, funika kwa kitambaa safi. Usiurudishe ndani, usiweke majivu, kinyesi cha ng’ombe wala majani, kwa kuwa pepopunda na usaha hupitia hapo. Paja likivunjika, mtu huweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani, nawe usione hata tone. Huyo ni wa kuwahishwa.

Ndugu zangu wa bodaboda, ninyi ndio mnaofika kwanza. Msimbebe aliyevunjika mguu, wala aliyeumia shingo au mgongo, akiwa amebanwa katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Tafuteni gari. Ubao mpana au mlango ulionyooka unatosha kuwa machela, na wabebaji wamnyanyue kwa pamoja, kichwa na mgongo vikiwa mstari mmoja.

Wazee wetu mnaounga mifupa, watu wanawaamini, na tangu mwaka 2002 nchi yetu ina sheria inayotambua tiba asili. Nawaomba kwa heshima: anayekuja kwenu apigwe picha kwanza. Gango lililokazwa sana huziba damu, na nyama iliyokosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa; mwisho wake ni kukatwa mkono. Mkiona kidonda, vidole vyeusi au maumivu yanayozidi baada ya kufunga, fungueni na mtume mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo.

Zahanati inaweza kumpa mgonjwa dawa ya maumivu, kurekebisha gango na kumwandikia rufaa. Kutoka hapo ni hospitali ya Kondoa mjini, na yakizidi ni Dodoma, kilomita 160 hivi, kwenye Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Ukifungwa hogo, yaani plasta ngumu, vumilia. Mkono wa mtu mzima huchukua wiki sita hadi nane, mfupa wa muundi miezi mitatu au zaidi. Usilikate kwa kisu kwa sababu ya muwasho. Likibana na vidole vikafa ganzi, rudi usiku huo huo.

Mkutano wa kijiji unaofuata, simama uulize mambo matatu: machela yetu iko wapi, nani ana gari la kupigiwa simu usiku, na nani atawafundisha vijana wetu kufunga gango? Usikubali mkutano ufungwe kabla majina hayajaandikwa.